Msimu Tuliobishania Risiva

Ramadhani ya mwaka ule ilinikuta nyumbani, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi moja nilikuwa nikimsaidia mzee mmoja atoke kitandani akae kitini, magoti yakamlegea ghafla, nikamdaka. Yeye hakuumia. Mimi nilisikia kitu begani kikichanika kama kitambaa kipya kinapopasuliwa dukani. Daktari alisema ni msuli, hauhitaji upasuaji, utapona, ila polepole.

Hiyo polepole hakuna aliyeniambia urefu wake. Sikuweza kukamua kitambaa cha kupangusia meza wala kukata mboga ya sukuma. Mchana nyumba yetu katika mtaa wa Stechford, huku ugenini, ilikuwa kimya, nasikia tu treni zikipunguza mwendo kuingia stesheni. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinifundisha zoezi la kutembeza vidole ukutani ili mkono upande juu taratibu. Kila nilipofika usawa wa macho nilishusha. "Msuli umeshikana vizuri sasa," aliniambia mara ya mwisho. "Kinachokuzuia ni woga." Niliitikia tu. Hakuwepo siku ile kusikia ule mchaniko.

Jioni ndiyo nyumba iliamka. Mume wangu ana ugonjwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia za chuma na mpira uliochongoka pande mbili. Dada yake anaishi katika mji mmoja wa baridi kule Marekani, na kila Krismasi humtumia kofia au soksi zenye nembo ya timu ya mji huo. Basi timu ikawa ya kwetu. Aliwaambukiza marafiki zake wawili. Mmoja ni Msomali aliyekulia Eastleigh kama mimi, anaendesha teksi. Mwingine ni Mkongomani wa Bukavu aliyepitia Ubelgiji kabla ya kufika hapa, anaoka mikate katika kiwanda kimoja upande wa Digbeth. Kwa kuwa sisi ndio wenye televisheni kubwa, sebule ikawa yao.

Mwezi ule hakukuwa na mechi yoyote, na bado walikuja. Risiva bora wa timu alikuwa amehamia kwingine. Risiva ni yule anayekimbia mbele kudaka mpira unaporushwa, na sasa timu ilikuwa inatafuta wa kuziba pengo. Yule wa teksi akishafuturu kwake anakuja na sambusa alizofungiwa na mkewe, Mkongomani anakuja na mkate wa moto, mume wangu anachemsha chai, kisha wanaanza.

"Kijana wa chuo kikuu," mume wangu alisema. "Umeona anavyokimbia? Hakuna wa kumshika. Spidi ni spidi."

"Wallahi utakimbia mpaka uingie baharini, na mpira hujaushika," wa teksi akamjibu. "Mimi nataka yule mrefu. Mpira unarushwa juu, anauchuna kama embe, basi."

Mkongomani alitikisa kichwa. "Bon, ule mrefu ni mti. Mti haigeuke. Mi nasema tubakie na bale tuko nabo."

"Tulio nao ndio waliotufungisha mwaka mzima!" wakapiga kelele wote wawili.

Wa nne alitajwa ili achekwe tu. Alikuwa mkongwe, ameumia goti, msimu mzima hakucheza, na timu yake ilikuwa imemwachia aende zake. "Yule ameisha," mume wangu alisema, akachukua sambusa nyingine. Neno hilo lilinifikia kule jikoni nilikokuwa nikisuuza vikombe kwa mkono mmoja.

Kesho yake, baada ya mume wangu kwenda kazini na watoto shuleni, nilijikuta nimefungua kompyuta ya mume wangu na kutafuta michezo ya huyo aliyeisha. Mwanzoni sikuelewa kitu. Niliona wanaume wakigongana na filimbi ikilia. Lakini siku nzima ni ndefu ukiwa peke yako, na niliirudia michezo ile mpaka nikaanza kuona. Kisha nikawatazama kijana wa spidi na yule mrefu. Hao wawili walikimbia huku wakiutafuta mpira kwa macho. Mkongwe hakuutafuta. Alifika mahali, akageuka, na mpira nao ukafika. Mrushaji alikuwa ameuachia kabla hata yeye hajageuka, maana alijua atamkuta pale.

Jioni nilikaa nao sebuleni badala ya kukaa jikoni. Nilingoja wapumue, nikasema, "Mimi ningemchukua mkongwe."

Mume wangu akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hiyo ni huruma ya bega. Unamwonea huruma kwa sababu na wewe umeumia."

Nilihisi uso ukipata moto. Labda kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. "Kama ni huruma," nikasema, "mbona nimetazama michezo yake tangu asubuhi na nyinyi hamjatazama hata mmoja? Niambieni, huyo kijana wenu, mrushaji akibanwa na hana nafasi ya kusubiri, atamrushia wapi?"

Sikungoja jibu. Nikainuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba nisikie maji badala yao.

Aliyenifuata alikuwa yule wa teksi. Alisimama mlangoni na sahani ya sambusa mkononi. "Shemeji," alisema, "lile swali nimelibeba kichwani na sina jibu. Njoo ubishane. Ukikaa huku sisi tutabaki kupiga kelele tu."

"Na huruma?"

"Huruma aliisema yeye. Na amejuta, anakuna kichwa kule."

Nilirudi. Mume wangu alinisogezea kikombe, akaiweka kompyuta katikati ya meza. "Tuonyeshe," alisema. Nikawaonyesha, nikisimamisha picha kwa mkono wa kushoto, na Mkongomani akasogeza kiti karibu mpaka pua ikakaribia kioo. "Ah, ata mi sikuona hii," alisema. "Anageuka sawa mutu mwenye kujua mlango uko wapi." Hata hivyo hawakukubaliana nami. Wa teksi alimng'ang'ania mrefu wake, mume wangu kijana wake. Lakini tangu jioni ile walipofika waliniuliza kwanza, "Umetazama nini leo?" Na mimi kila asubuhi nilikuwa na kitu cha kutazama.

Idd ilipopita, Mkongomani alinunua mpira ule wa kuchongoka katika duka la mitumba, akasema maneno yametosha, twende uwanjani tuone nani anajua kudaka. Jumamosi moja ya jua dogo tukaenda kwenye nyasi karibu na nyumbani. Kitambaa nilikuwa nimeshakivua, ila mkono niliuacha ubavuni kama kitu cha kuazima.

Sijawahi kucheka vile tangu niumie. Mume wangu, mtu wa spidi, alikimbia hatua chache akashika paja. Wa teksi aliruka juu kuuchuna mpira kama mrefu wake, ukampita ukamgonga Mkongomani kifuani. Mimi nilikuwa mrushaji, kwa mkono wa kushoto, na mipira yangu ilienda kila mahali isipokuwa nilikotaka. Mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akatutazama, mwishowe akatupigia makofi.

Kisha Mkongomani akaniambia, "Dada, na weye kimbia. Usiutafute mpira. Kimbia mpaka kwa ile ndoo ya takataka, ugeuke."

Nilikimbia. Nilifika kwenye pipa, nikageuka, na mpira ulikuwa tayari hewani unanijia, juu kidogo ya kichwa. Sikufikiri. Mikono yote miwili ilipanda. Mpira ulinigonga viganjani, ukadunda, ukaanguka.

"Ameangusha!" wa teksi akapaza sauti.

Mume wangu alikuwa ameacha kulishika paja lake, ananitazama. Ndipo nilipotambua mikono yangu ilipo. Niliuangalia ule wa kulia, umenyooka juu ya kichwa, vidole vimepanuka. Bega lilivuta, liliuma kidogo, halikuchanika.

"Mkono umefika," alisema aliponikaribia.

"Lakini nimeangusha."

"Achana na mpira."

Niliushusha mkono taratibu, nikaupandisha tena kuhakikisha. Nilitokwa na machozi mbele ya wanaume watatu na mbwa wa watu, na sikuona haya. Kisha nikawaambia warushe tena. Nikaangusha tena. Mpira wa tatu nikaudaka, nikaubana tumboni, kwa namna isiyopendeza kabisa.

Fizio aliponiona wiki iliyofuata aliniuliza nimefanya nini. Nilimweleza, akacheka, akasema angeniomba nisirudie kukimbia kwenye nyasi zenye maji, lakini zoezi lenyewe hawezi kulilaumu.

Timu haikunisikiliza. Asubuhi habari zilipotoka, mume wangu alipiga kelele akiwa bafuni: wamemchukua mrefu. Wa teksi alitupigia simu mchana kutwa, kati ya abiria na abiria, ili tu acheke. Mkongwe wangu alichukuliwa na timu nyingine, ya upande wa joto. Nilipoanza tena kazi, kwanza zamu fupi, halafu zamu kamili, mwajiri wangu aliniomba pia niwaonyeshe wafanyakazi wapya jinsi ya kumsimamisha mtu bila kujiumiza, nikakubali. Msimu ulipofika, mrefu alidaka mipira yake vizuri tu, sina ubishi. Mkongwe naye katika mechi yake ya kwanza alifika kwenye kona, akageuka, mpira ukamkuta. Ni mimi pekee niliyepiga ukelele pale sebuleni, kwa timu isiyo yetu, na wote watatu wakanigeukia wakanitazama kama msaliti.

Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini aliniambia kuna kikundi cha wanawake wanaocheza mchezo huohuo kule Perry Barr, bila kugongana. Unamnyang'anya tu mwenzako utepe anaouvaa kiunoni. Nikasema nitakwenda kuangalia. Yule wa teksi akajitolea kutupeleka, Mkongomani akapanda nyuma bila kualikwa, na njia nzima walibishana nicheze nafasi gani. Mume wangu alisema nilinde nyuma, kwa sababu nina macho. Wa teksi alisema nirushe, kwa kuwa sasa mkono umepona. Mkongomani alisema wote wawili hawajui kitu.

"Na wewe unataka nini?" mume wangu akaniuliza tulipoegesha gari.

"Nataka kwanza nikimbie," nikamwambia, nikafunga kamba za viatu, nikawaacha mle ndani wakiendelea kubishana.