Nilimwangusha mwanafunzi kwa jibu nililolijua tangu utotoni

Wakuu, salamu kutoka Kalemie.

Humu huwa nasoma tu na kupita, ila leo kuna jambo limenikaa kooni. Nitalisema lilivyo, bila kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe nimechoka kuitenganisha na maji ubaoni.

Mimi ni profesa wa uhandisi wa kemikali. Fani yangu ni utenganishaji: kuchuja, kukausha, na hasa kukeneka, yaani kuchemsha mchanganyiko, kuunasa mvuke na kuupoza uwe maji tena.

Utafiti wa maisha yangu ni mnara wa kukeneka ambao sijawahi kuujenga. Upo kwenye karatasi. Vifaa tuliahidiwa, tukaahidiwa tena.

Nimeuchora kwa chaki mpaka bega la kulia linauma. Wanafunzi wananakili, wanafaulu, wanaondoka bila kuona hata tone moja likidondoka.

Nimechoka, wakuu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka nafuu.

Basi. Mwaka jana kulikuwa na mtihani wa mdomo, awamu ya pili. Ukianguka hapo, unarudia mwaka mzima.

Akaingia binti mmoja, nimwite Georgette. Mama yake anapika lutuku, pombe kali yetu ya mahindi na muhogo.

Nikamuuliza: kwa nini sehemu ya kwanza inayotoka kwenye mkeneko hutupwa? Jibu la kwenye notisi ni kwamba vitu vyepesi vyenye sumu hutangulia kuchemka.

Akajibu:

"Papa Prof, kwetu mama anamwangaka kikopo ya kwanza chini. Njo ya bankambo. Anasemaka muntu akiikunywa, macho itamufia."

Yaani humwagiwa bankambo, mababu zetu waliotangulia.

Asistanti wangu alicheka. Ila nimeahidi kusema kweli: niliyeanza kucheka ni mimi.

"Hapa ni fakulte," nikamwambia, "haiko kwa mulozi," yaani si kwa mchawi.

Nikampa alama saba kwa ishirini, chini ya kufaulu. Akasema "Aksanti, Papa Prof," akatoka.

Sasa sikilizeni. Mimi ni mtoto wa Moba, nimesomea kwa mapadri. Na mama yangu mzazi alipika lutuku nyuma ya nyumba. Ndiyo iliyonisomesha.

Kile kikombe cha kwanza nilikuwa nakishika mimi. Nilikimwaga chini ya mgomba huku nikitaja jina la babu.

Padri akipita, tulifunika pipa la lutuku kwa mkeka, maana waliikataza. Nilifundishwa kujibu kwamba mama anachemsha nguo. Nimekua, nimesoma, nimeoa, na mpaka mwaka jana mke wangu alijua mama mkwe wake aliuza samaki.

Kwa hiyo siku ile mbele ya asistanti sikuwa napima jibu. Nilikuwa nafunika pipa.

Majina ya waliofaulu yalipobandikwa ukutani, la Georgette halikuwapo. Nilisoma ile karatasi mara tatu kana kwamba sikuiandaa mwenyewe.

Nikaenda kwao.

Mama yake alikuwa mbele ya pipa, anapima joto la bomba kwa mgongo wa kiganja. Bomba lenyewe lilipita ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojaa maji ya ziwa. Mnara wangu wote wa chaki, usahauni.

Akanivutia kiti.

"Karibu, Papa Prof. Mutoto anasema hajue kitu. Ni kweli?"

"Hapana, Mama. Alijua. Mimi njo niliogopa."

Nikamweleza habari za mama yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Georgette alikuwa amesimama mlangoni, akauliza moja tu:

"Na mbele ya bale ba juri, utasema vile?"

Nikaenda mbele ya juri, kikao cha maprofesa wenzangu. Nilisema yote: jibu lilikuwa sahihi, nililijua, na nililijulia wapi. Mmoja akakohoa, mwingine akachungulia simu.

Mwenyekiti akasema orodha imeshasainiwa na kubandikwa. Arudie mwaka. Ikaishia hapo.

Anarudia sasa hivi. Anakaa mstari wa mbele.

Wiki iliyopita tulifika kwenye kukeneka. Bega liligoma, nikampa Georgette chaki. Akachora pipa, bomba, mtumbwi. Alipofika kwenye tone la kwanza akageuka kunitazama. Akangoja, na darasa zima likangoja.

Nikasema: "Hiyo munamwanga chini. Mama yangu pia alikuwa anaimwanga."

Akarudi ubaoni akaandika. Hakutabasamu, na sina haki ya kumdai tabasamu.

Nilichojifunza, wakuu: ukimficha mama aliyekulea, anayeumia ni mtoto wa mwenzako. Miaka yote nafundisha kumwaga sumu na kubakiza kizuri. Siku nilipotakiwa kufanya hivyo kweli, nilimwaga mwaka mzima wa binti wa watu.

Kama uliwahi kuangushwa na mwalimu kwa namna hii, sema hapa chini, na usinionee huruma. Walimu wenzangu nao waseme: ni pipa gani bado mmelifunika mkeka?