Jina Nililolirusha Jukwaani

Wasomaji wenzangu, kuna mama mmoja hapa Kisangani aliyetolewa nyumbani kwake kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa nimeshika maikrofoni, nikadhani natoa heshima.

Habari hii nimeisimulia kwa ukamilifu mara moja tu. Wengine niliwaambia nusu, ile nusu inayonipendeza. Ninyi hamnijui, basi chukueni yote.

Nasoma fasihi. Kila mwaka kampasi yetu ina juma lake la utamaduni: mpira kati ya vitivo, ngoma, picha za wachoraji wetu zikitundikwa kwenye veranda, mashairi chini ya turubai, na siku ya mwisho, mchana, michezo ya kuigiza katika ukumbi mkubwa. Juma hilo hata wale wenye njaa hutembea wamechana nywele. Nami nilikuwa nimeandika mchezo. Nilikuwa nimeuandika kwa miezi, nikiamini kwamba siku utakapoonyeshwa, mji mzima utajua kuwa nimezaliwa.

Katika mchezo wangu mto ulikuwa unazungumza. Wanawake wanavuka na mizigo yao, wanagombana na kucheka, na mto unawajibu kwa wimbo. Nilihitaji sauti moja tu, itoke mahali pasipoonekana. Na sauti hiyo niliijua.

Jina lake sitaliandika. Nilishalitaja mara moja, na ilitosha. Darasani tulimwita Leki, yaani mdogo wetu, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko sisi wote na alituita sote yaya, yaani kaka na dada zake wakubwa. Kabla ya baba yake kufa aliimba kwaya. Akiimba, watu waliacha kujipepea kwa vitabu ingawa joto lilikuwa palepale.

Lakini baba alikuwa amekufa, na matanga yalikuwa hayajatolewa. Kwao, mpaka siku ile ukoo wa marehemu unapokaa na kuwavua watoto na mjane nguo nyeusi, hakuna muziki nyumbani. Redio ilikuwa imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa. Binti wa marehemu kuimba mbele ya watu ilikuwa sawa na kusema tumeshamsahau.

Na kulikuwa na nyumba. Nyumba ya matofali kule Mangobo, ambayo tonton yake, mdogo wa marehemu, aliitupia jicho tangu siku ya mazishi. Hakuwa na neno la kumtoa mjane ndani yake. Alikuwa analingoja.

Haya yote Leki aliniambia mwenyewe, tumekaa kwenye ngazi za maktaba, anavuta vuta ncha ya kilemba chake cheusi. Nilimbembeleza. Nikamwambia atakuwa nyuma ya pazia, hakuna atakayemwona. Nikamwambia mto hauna jina. Nilijisikia mshairi sana niliposema hivyo.

Mwisho akasema, "Bon. Nitaimba, yaya. Lakini jina yangu ibakie nyuma ya rido. Tonton iko natafuta tu sababu."

Nikaapa. Niliapa kwa mama yangu mzazi.

Pazia letu lilikuwa vikwembe, vitenge vya mama zetu, vimeshonwa pamoja, maua ya kila rangi. Siku ile ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Groupe, jenereta ya kampasi, ilikuwa inanguruma nje, waigizaji wangu walisahau maneno, mmoja alivaa kiatu cha mwenzake. Watu walikuwa wameanza kucheka pasipostahili. Kisha Leki akaimba.

Sijui niwaelezeeje. Sauti ilipita kwenye vile vikwembe kama maji yanavyopita kwenye mchanga, bila kelele, ikatupata sote miguuni. Hata groupe ilionekana kunyamaza. Alipomaliza, ukumbi ukapasuka. Waliinuka. Walipiga madawati. "Atoke! Ni nani? Atoke tumwone!"

Hawakuuliza nani aliandika. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Walipiga makofi na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani aliandika.

Mnajua desturi yetu. Katika nyimbo zetu mwimbaji hutupa jina la mtu katikati ya muziki, tunaita libanga, jiwe. Aliyetajwa anapata ukubwa, na anayetaja anabaki mtu wa mkubwa huyo. Nimekua nikisikia mabanga kwenye kila baa na kila harusi. Kwetu kumtaja mtu ni kumpa zawadi, na ukifanyiwa mema usipotaja unaonekana huna shukrani.

Nikapanda jukwaani. Nikachukua maikrofoni. Nikasema mimi ndiye mwandishi wa mchezo, nikatulia ili wasikie vizuri. Halafu nikarusha jiwe langu: jina lake kamili, na jina la baba yake marehemu, na Mangobo juu yake, kwa ile sauti ya madaha ya wanamuziki.

Watu walilia kwa furaha. Kitambaa cha pazia hakikutikisika. Nilipokwenda nyuma kumkumbatia, hakuwepo. Kilemba chake kilikuwa sakafuni.

Baadaye niliwaambia wenzangu kwamba nilisahau, kwamba furaha ilinichukua. Ni uongo. Maikrofoni niliyoishika ilikuwa ya redio ya kampasi, iliyokuwa inarusha sherehe moja kwa moja; kijana wa redio alikuwa amesimama karibu yangu, nami nilimwona. Nilikumbuka kila kitu. Nilifikiri tu: nikimtaja yeye, watalikumbuka na langu.

Tonton anauza vipuri vya pikipiki sokoni. Redio yake haizimwi.

Kesho yake alifika Mangobo na shangazi za Leki. Jirani yao, tunayesoma naye, alinisimulia. Hawakupiga kelele. Waliomba viti, wakakaa uani, wakamwita mjane atoke. Shangazi mkubwa ndiye aliyesema: "Ndugu yetu, udongo yake haijakauka. Mutoto anaimba, mama anamusikiliza. Donc kilio imeisha. Basi rudia kwenu."

Mama alijaribu kusema kwamba hakujua. Waliona hilo ndilo baya zaidi.

Vitu vyake vilipakiwa kwenye pusupusu, mkokoteni wa kusukuma: godoro, masufuria, kinu. Akavuka mto na watoto mpaka Lubunga, kwa mdogo wake. Leki hakurudi darasani. Nilimpigia simu mpaka namba ikaacha kuita.

Nilikwenda kwanza kwa tonton. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, mimi na maneno yangu. Nikamwambia kosa ni langu, mama hana hatia, nilimlazimisha binti. Alinitazama huku anafuta mafuta mikononi.

"Wewe ndiye yule mwandishi?"

Nikaitikia.

"Merci, petit. Umetusaidia kazi."

Akarudi kwenye vipuri vyake. Hakuwa hata amekasirika.

Kisha nikavuka kwenda Lubunga. Leki aliponiona nakuja, aliingia ndani na kufunga mlango, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Mama yake alikuwa nje anatwanga pondu, majani ya muhogo, bado amevaa nyeusi. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nilisema yote, hata lile la redio, hata lile la jina langu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimevuka mto mzima nikitamani matusi.

Aliendelea kutwanga mpaka majani yakalainika. Halafu akaegemeza mchi.

"Aliimba muzuri?"

Sikuelewa.

"Mutoto. Watu wote wanasema walisikia. Mimi redio yangu ilikuwa imefunikwa. Tangu papa yake afe, sijamusikia tena. Aliimba muzuri?"

Nikasema ndiyo, mama. Aliimba vizuri.

Akaitikia kwa kichwa, akashika mchi tena. Nilirudi kivukoni na sentensi hiyo, na sijaweza kuandika mchezo mwingine.

Juma la utamaduni linakaribia tena. Turubai limeshasimamishwa, nasikia wanaojaribu ngoma, na najua kati yenu kuna mwenye mchezo wake kifuani kama nilivyokuwa. Nakuomba kitu kimoja. Mtu akikupa kilicho chake kizuri, akakuomba jina lake libaki nyuma ya pazia, liache huko. Liache hata watu wakipiga makofi. Hasa wakipiga makofi.