Wahu na Meza Yake Mwenyewe

Wahu alikuwa na hasira tangu Jumanne ya wiki iliyotangulia, na mtu yeyote wa mtaa wao wa Waithaka aliyethubutu kumuuliza kulikoni aliambiwa bila kufichwa. Ofisi imefungwa. Si kampuni, ofisi. Kampuni ya udalali wa bima aliyoifanyia kazi miaka kumi na sita ilikuwa imeona kodi ya jengo la mjini imezidi, ikaamua kila karani abebe kompyuta yake akafanyie kazi nyumbani. Hilo angelivumilia. Kilichomkata maini ni kwamba waliruhusiwa kubeba kompyuta lakini si meza.

Na ile meza ilikuwa ya kubebwa. Ilikuwa ya mvule, nzito, ya enzi za mafundi walioona aibu kuuza kitu kibovu, yenye droo tatu upande wa kulia. Juu ya meza hiyo Wahu alikuwa ameandika madai ya magari yaliyogongwa, maduka yaliyoungua na wanaume waliokufa wakiwa na wake wawili ambao hawakujuana. Mwanawe Dan, shule zilipofungwa na nyumbani hamna wa kumwangalia, alikaa chini yake akipaka rangi vitabu vyake huku mama akijibu simu. Mameneja walikuja wakaenda, mapazia yakabadilishwa mara tatu. Meza ilibaki pale pale dirishani, na Wahu nyuma yake.

Siku ya mwisho alimwendea meneja, kijana aitwaye Jeremy, ambaye mashati yake yalipigwa pasi mpaka yakaweza kusimama yenyewe, akamwomba amuuzie meza hiyo. Jeremy alicheka mbele ya watu. Akatangaza kwamba meza zote ishirini zimetolewa sadaka kwa shule moja ya msingi kule Kangemi, ambako watoto wanaandikia magotini, kisha akauliza kwa sauti iwapo Mama Dan anataka kuwanyang'anya watoto wa maskini. Ofisi nzima ikapiga makofi kwa ajili ya watoto hao. Wahu naye akapiga, uso umemwiva kwa aibu.

Halafu ukaja waraka. Kila mfanyakazi ajinunulie meza halisi ya kazi. Si meza ya kulia chakula, si kitanda, wala si ubao wa kupigia pasi. Jumatatu, katika mkutano wa kwanza wa kwenye kompyuta, kila mmoja ataelekeza kamera kwenye meza yake wote waione. Asiyekuwa na meza ataondolewa kwenye mshahara awe analipwa kwa kila faili anayomaliza. Wahu alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na Dan yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Alijua vizuri kulipwa kwa faili ni nini. Ni kufukuzwa kazi na watu wenye adabu.

Chama chake cha kuweka na kukopa kilimkopesha shilingi elfu nane, akaingia mjini kutafuta. Madukani meza zilikuwa tele, zinang'aa, na bei zake zimebandikwa bila haya. Aliegemea moja kwa kiwiko, ikayumba. Alipochungulia chini yake aliona vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likafunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Muuzaji, msichana mwenye kucha ndefu, alimweleza kwa subira kwamba meza hiyo haitaki maji na haitaki uzito. Wahu akamuuliza inataka nini basi, kutazamwa tu? Alitoka kabla ya kujibiwa, akaingia duka la pili, akaikuta meza ile ile kwa bei ya juu zaidi.

Ijumaa alikwenda kwa mafundi wa Barabara ya Ngong, wale wanaounda vitanda na kabati kando ya lami karibu na Jamhuri. Fundi mmoja, Mbaluka, aliitazama picha kwenye simu yake, akasema hiyo ni kazi ndogo. Kwa fundi kila kazi ni ndogo mpaka apokee malipo ya kwanza, baada ya hapo inakuwa kubwa ghafla. Wahu aligusa mbao zilizoegeshwa ukutani, mkono ukarudi na unyevu. Alipouliza meza hiyo itakauka lini, Mbaluka alimjibu bila wasiwasi kwamba itakaukia kwake nyumbani. Na itakuwa tayari lini? Wiki mbili. Wahu alimtolea maneno ambayo hangependa mchungaji wake ayasikie, na Mbaluka, aliyezoea kutukanwa na wateja, hakukasirika hata kidogo. Alimwelekeza nyuma ya vibanda, kwenye ua wa mzee mmoja anayenunua fanicha za ofisi zinazofungwa. Huko, alisema, zimeletwa meza nzuri kutoka mjini.

Mwenye ua aliitwa Gurmeet, Singasinga aliyezaliwa Nairobi na kuzeekea Nairobi, kilemba chake cha buluu kimepauka kwa jua. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkurugenzi kilichopasuka, anakunywa chai. Nyuma yake, chini ya paa la mabati, kulikuwa na meza kumi na mbili ambazo hazijauzwa, zimepangwa mbili mbili.

Wahu alisimama langoni. Mtu anaijua meza aliyoiegemea miaka kumi na sita, hata ikigeuzwa miguu juu. Alama nyeupe ya duara iliyoachwa na thamosi yake ilikuwa pale pale. Mguu aliouzungushia utepe wa gundi ulikuwa bado na utepe wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya chini, ile ambayo lazima uinyanyue kidogo ndipo uivute, akainyanyua, akaivuta, ikafunguka. Ndani yake mlikuwa na namba ya ofisi, kumi na nne, aliyoiandika kwa mkono wake mwaka walipohesabu mali ya kampuni.

"Hiyo droo imenishinda wiki mzima," Gurmeet alisema. "Umeifungua aje, mama?"

"Ni yangu, mzee."

Alimweleza yote, kuanzia makofi mpaka waraka. Gurmeet alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akaingia ofisini kwake akatoka na kitabu cha risiti. Yeye hanunui mzigo bila sahihi, alisema, kwa sababu polisi wa mji huu wanapenda sana kumtembelea mtu anayeuza vitu vya zamani. Sahihi ilikuwa ya Jeremy. Jina lake lote lilikuwa pale, na namba ya kitambulisho, na meza ishirini za mvule, na namba ya simu iliyotumiwa pesa. Wahu aliijua namba hiyo kwa kichwa, maana ndiyo aliyokuwa akiipigia kuomba ruhusa akiugua. Tarehe ilikuwa siku mbili kabla ya yale makofi.

Wahu aliwafikiria watoto wa Kangemi wanaoandikia magotini, na namna alivyoaibishwa kwa jina lao. Hakuwa na hasira ya meza tena. Kijana huyu alikuwa amewachukua watoto wasiojua hata kwamba wameahidiwa kitu, akawafanya mwavuli wake.

"Mimi nilinunua na risiti," Gurmeet alisema polepole. "Sikuiba, mama."

Wahu akamjibu kwamba anamjua aliyeiba. Mzee alijikuna ndevu. Mwishowe alimwambia atampa meza hiyo kwa bei aliyoinunulia yeye, na mkokoteni wa kuifikisha Waithaka ataulipia yeye. Akamsukumia kile kitabu.

"Piga picha. Mtu akiniuliza, mimi sitakataa."

Kwa hiyo Wahu aliinunua meza yake mwenyewe, na kila noti aliyoihesabu ilimwongezea hasira.

Alimpigia Jeremy alasiri hiyo hiyo, wakati watu wa mkokoteni wanahangaika kuipitisha meza mlangoni. Alipoambiwa habari ya risiti, Jeremy alianza kwa kumpaka mafuta: Mama Dan ni mama wa ofisi, Mama Dan anajua kampuni ina matatizo, zile meza zilikuwa nyingi kuliko shule ilivyohitaji. Wahu alipomuuliza shule ilihitaji ngapi, asali ikaisha.

"Sikiza, Mama Dan. Hiyo meza iko na namba ya ofisi. Nikiiona Monday nitauliza vile ilitoka. Na hapo nani ataaminiwa, wewe ama mimi?" Akapumua. "Weka kitambaa. Onyesha hapo juu tu, mimi nitakupitisha. Tusahau hii maneno."

Mumewe, Muchiri, mtu mpole anayeuza mbegu na mbolea sokoni, alimshauri aweke kitambaa. Hakusema kwa woga. Alikumbusha tu kwamba karo ya Dan inatoka kwenye mshahara ule, kwamba risiti ni karatasi na meneja ni meneja, na kwamba mtu akishaitwa mwizi mara moja, hata akisafishwa, watu hukumbuka lile la kwanza. Wahu alimkasirikia kuliko alivyomkasirikia Jeremy, kwa sababu Jeremy alikuwa anasema uongo na Muchiri alikuwa anasema kweli. Jumamosi alikitandika kitambaa, cheupe, alichofuma mwenyewe kwa uzi. Jumapili baada ya kanisa akakitoa. Jumatatu asubuhi kikawa kimerudi, na yeye ameketi nyuma yake, nywele zimechanwa, mdomo umekazwa.

Watu walitokea kwenye kompyuta mmoja mmoja, kila mtu ndani ya kisanduku chake, wengine na kuta zisizopakwa rangi nyuma yao. Siku hiyo alikuwepo pia mkurugenzi Anjali, aliyerithi kampuni kwa baba yake, na ambaye mikutano ya makarani huwa haihudhurii. Alitaka kuona utaratibu mpya unavyokwenda. Jeremy alikuwa amevaa tai. Alipoona kitambaa cheupe kwenye kisanduku cha Wahu, alitabasamu mpaka magego yakaonekana, akaona ni vizuri kumpa mama huyu heshima kidogo ili mambo yaishe salama.

"Mama Dan ndiye mama yetu," alisema. "Mama Dan, tufungulie na maombi."

Katika ofisi za Nairobi hakuna anayemkatiza mtu akiomba. Chai itapoa, simu italia, mteja atasubiri nje mpaka achoke, lakini maombi yatafika mwisho wake. Wahu hakuwa amepanga neno. Alifumba macho, akaanza kama kila mtu anavyoanza, kwa kushukuru kwa pumzi na kwa siku mpya. Angeweza kuishia hapo. Alijua angeweza. Lakini kila alipotafuta neno la kufunga, alilopata ni lile cheko la Jeremy mbele ya watu.

"Baba, tunakushukuru kwa meza ishirini za hii kampuni," alisema. "Tuliambiwa zimepewa watoto wa Kangemi, na sisi tukapiga makofi. Wewe unajua hakuna mtoto ameziona. Wewe uliona vile ziliuzwa huko Ngong Road, na pesa ikaingia kwa simu ya Jeremy."

Mtu mmoja alikohoa. Wahu alizidi kufumba macho, kwa sababu akiyafumbua atakuwa mkutanoni, na mkutanoni yeye ni karani. Akiyafumba alikuwa anaongea na mwingine kabisa, na huyo hakuna meneja wa kumnyamazisha mtu mbele yake. Sauti yake ilipanda.

"Wale watoto hawakuomba kitu, Baba. Jina lao ndilo lilitumika. Na mimi nikaitwa mnyang'anyi mbele ya watu. Nimenunua meza yangu na pesa ya chama. Iko hapa, chini ya hii kitambaa. Ijumaa nimeambiwa nikiionyesha nitaitwa mwizi, na nikiificha nitapitishwa. Sasa mimi nauliza, Baba..."

Aliendelea, akataja Dan, akataja karo, akataja miaka kumi na sita, akafika kwenye risiti ya Gurmeet, machozi ya hasira yakimshuka mpaka kidevuni. Hakujua kwamba hakuna anayemsikia. Alilijua hilo alipoisikia sauti ya Anjali ikiuliza kwa nini Mama Dan amezimwa sauti.

Alifumbua macho. Visanduku vyote vilikuwa vimejaa macho yaliyo wazi yanayotazama, hata ya makarani walio wazee wa kanisa. Jeremy alikuwa anasema habari ya mtandao kusumbua, na ya muda, na kwamba ajenda za leo ni nyingi. Tai yake ilikuwa imelegea. Anjali hakumtazama. Kwa miaka mingi, tangu alipokuwa msichana anayemsindikiza baba yake ofisini, alikuwa amesimama kimya wakati makarani wake wakiomba, akingoja wamalize.

"Hajasema amina," alisema. "Mfungulie."

Ilichukua muda kidogo, kisha alama nyekundu kwenye kisanduku cha Wahu ikatoweka. Watu wote walingoja. Wahu alijipangusa uso kwa kiganja. Alikishika kitambaa pembeni, akakivuta, akakitupa sakafuni, mvule mtupu ukabaki mbele ya kamera na duara lake jeupe. Akafumba macho tena.

"Baba," alisema, "nilikuwa nimefika kwa risiti."