Plagi Iliyoshika

Lori liliingia Manundu likikohoa upande mmoja, likitema moshi mpaka wauza nyanya wakafunika biashara zao. Dereva wake, Kaleb, aliteremka na plagi mkononi kama mtu aliyeng'olewa jino akaambiwa aende nalo nyumbani.

"Fundi Mhina, imefyatuka! Imegonga boneti, paa! Nikajua nimepigwa risasi."

Mhina akachungulia kwenye tundu. Nyuzi za chuma zinazoishika plagi zilikuwa zimelika zote, tundu laini kama ufizi wa kikongwe. Na humo ndani, Mungu shahidi, kulikuwa na singa za katani.

"Nani kaweka mkonge humu?"

"Mimi. Kwenye bomba la maji huwa unakaza vizuri."

"Sasa kaka, hii injini au bomba la msikitini?"

Ndiyo Korogwe ya mwaka sabini na nne hiyo: mkonge ulifunga mbuzi, ulifunga mizigo, ulifunga na suruali za watu wazima. Injini nayo isingesalimika.

Mhina hakuwa fundi wa kubahatisha. Alifundwa kwenye karakana ya shamba la mkonge. Alipaka grisi kwenye keekee ili chenga zinase zisidondokee ndani ya silinda, akapanua tundu, akachonga nyuzi mpya, akakaza humo bushi, pete ya shaba yenye nyuzi zake ndani. Plagi ikaingia ndani ya bushi ikizunguka kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Akaikaza kwa spana, akatabasamu.

"Hii itatoka siku nikizikwa."

"Basi niende, fundi, nimechelewa. Kazi ya taifa, kule mbele ya Mkata."

Mbele ya Mkata! Huko ndiko alikoishi mama yake Mhina, Bibi Chausiku, peke yake katikati ya muhogo wake. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mhina alikwenda mwenyewe ofisini kuuliza. Akaambiwa upande ule utasubiri mavuno. Akampelekea mama neno: tulia, hawaji kabla hujavuna. Kikongwe akatulia, maana mwanawe hasemi uongo.

"Malipo yangu, nifikishe kwa mama," akamwambia Kaleb. Akanunua sukari, akapanda mbele. Nyuma walipanda vijana wenye mashoka. Akadhani wanakwenda kukata kuni. Fundi hodari, lakini akili zake zote zilikuwa chini ya boneti.

Walipoiacha barabara kuu, Kaleb akapotea. Mhina akaelekeza kwa raha zake: "Pinda hapo kwenye mkwaju. Vuka korongo. Haya, nyoosha."

"Kumbe kwa huyu bibi unapajua!"

"Bibi gani?"

"Tunayekuja kumhamisha. Ndiye wa mwisho upande huu."

Lori lilikuwa limeshasimama uani kwa mama yake.

Mhina akahangaika na kitasa, sukari mapajani. Alipofungua mlango, vijana walishapanda juu ya paa na nyasi zinamwagika.

"Mavuno! Walisema baada ya mavuno!"

"Shikamoo, fundi," kijana mmoja akamjibu kutoka juu, kwa adabu kabisa. "Sisi tumeambiwa leo."

Bibi Chausiku alimtazama mwanawe akishuka mlango wa mbele, wanakokaa wakubwa.

"Shikamoo, mama."

"Muhogo wangu nani atauchimba?"

Mhina akaligeukia boneti. Angeing'oa ile plagi hata kwa meno. Lakini spana aliziacha Manundu, maana kazi yake huwa hairudiwi.

Wakaondoka, yeye na mama yake nyuma, juu ya mikeka na masufuria. Mhina alitega sikio. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba kazi yake iharibike: ifyatuke, igonge boneti, lori life hapo hapo, mama arudi kwa miguu. Kilima kikaja. Injini ikaunguruma sawasawa, haikukohoa hata kidogo. Kaleb akatoa kichwa dirishani:

"Fundi! Inaimba!"

Ndipo mama yake alipogeuka.

"Lori hili umelitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akasikiliza kidogo, mkono umeshika sufuria lisidondoke.

"Limetengenezeka."