Magurudumu ya Lori

Shida zangu zilianza mwaka 1964, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Tajiri niliyekuwa nikimwendeshea gari aliondoka Unguja na watu wake. Mshahara hakuwa nao, akaniachia pikapu yake kongwe iliyokuwa imelazwa uani. Nilipokwenda kuichukua nikaikuta juu ya mawe. Magurudumu yote manne watu wameshayang'oa.

Mimi skuli niliishia darasa la pili. Chuo cha Qurani nimehitimu juzuu ya amma, basi. Lakini mkono wangu unajua mbao. Na huku kwetu gari la kuchukulia watu na mizigo ya shamba hujengewa bodi la mbao, fundi akalipamba mpaka liwe kama mlango wa nakshi wa mjini. Nikaona magurudumu yatapatikana tu, nianze bodi. Nikalijenga kwa mfenesi, mabenchi pande mbili, paa, ubavuni nakshi za mayungiyungi. Watu wakitoka msikitini walisimama kulitazama.

Magurudumu hayakupatikana. Madukani hamna. Nikaoa, gari bado liko juu ya mawe, mimi nachonga vibao vya mbuzi za kukunia nazi. Mwisho mke wangu akasema, "Nshachoka kuolewa na gari lisilotembea." Baba yake akaja kutoka Chwaka kumchukua.

"Mwanangu hali bodi," aliniambia mkwe wangu. "Gari likitembea, njoo nalo umchukue. Likishindwa, usije."

Ikafika miaka ya sabini mwanzoni. Fundi vyuma mmoja wa Malindi akaniita karakanani kwake. Alikuwa na seti mbili za magurudumu.

"Haya ya motokaa yanaingia kwako hivi hivi," alisema. "Lakini mepesi. Ukiyataka, vua hilo jumba lako la mfenesi, uende na pikapu tupu. Haya ya lori yatalibeba, lakini matundu ya nati hayalingani. Itabidi nitoboe upya, na chuma chenyewe kishachoka."

"Bodi silivui."

"Bwana wee, unakwenda kuchukua mke au kuonesha kabati?"

"Toboa," nikamwambia.

Watu mpaka leo husema nilichagua vibaya. Waseme. Wao mbao ile hawakuichonga.

Akatoboa. Nikafunga nati mwenyewe, nikalipaka bodi rangi ya kijani, nikatia petroli, nikatuma salamu Chwaka kwamba naja, nikatoka mjini asubuhi. Gari liliinuka juu kama ngamia. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani.

Nilipopita Dunga nikasikia kishindo nyuma. Gurudumu la kulia lilipasuka katikati ya yale matundu mapya, likanipita, likaenda kulala kwenye mihogo. Gari likainama, uzito wa mfenesi ukalibwaga ubavu, ekseli ikakatika. Nakshi zote chini ya vumbi.

Nikaenda kwa miguu. Nilifika Chwaka alasiri. Mkwe wangu alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari?"

"Liko Dunga."

Akanitazama miguu. "Basi na mwanangu naye yuko Chwaka."

Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amesimama ndani, keshavaa buibui, furushi lake limefungwa. Alinitazama. Kisha akalivua buibui, akalikunja, akaingia chumbani. Nami sikumwita.

Talaka alikuja kuitaka baba yake, nikaitoa. Binti akaolewa huko huko Chwaka. Niliporudi Dunga na gari la ng'ombe, watu walikuwa washachukua mabenchi na paa kufanya kuni. Ubavu wenye nakshi ulikuwa umepasuka vipande viwili.

Leo nina nyumba ya vyumba viwili Mwanakwerekwe, ya udongo na bati, niliyoijenga kwa mikono yangu, sidaiwi shukrani na mtu. Nina tezo, randa mbili, msumeno na patasi. Nina kitanda cha kamba. Nina mbuzi jike na mwanawe. Nina gurudumu moja la lori, zima, liko uani, kuku wanalala ndani yake.