Bakuli Lililowashinda Wareno

Mke wangu Wahiba alizaliwa Kilwa. Miaka thelathini na minane alikaanga vitumbua hapa Tandale, mie nikibeba magunia sokoni. Nimemzika miezi miwili sasa.

Alikuja kwangu na bakuli la Kichina, la kijani, limemeguka ukingoni. Halikuwa la kulia chakula. Alisema Wareno waliposhuka Kilwa na mizinga yao, walivunja milango kwa mashoka, wakabeba dhahabu na nguo za watu. Bibi mmoja wa ukoo wao akalifunga bakuli kamba, akalishusha kisimani. Mumewe walimuulia mlangoni. Bakuli likapona.

Tangu hapo mama humpa binti, na humtajia jina la bibi yule. Wanaume hawatajiwi. Sie hatukujaliwa mtoto, basi Wahiba akanitajia mie. Nilikuwa narudi kutoka sokoni mgongo unawaka, yeye anasimulia, mie nasinzia.

“Kondo, jina umelishika?”

“Nimelishika.”

Sikulishika.

Siku ya msiba waosha waliomba chombo cha kuchanganyia karafuu maiti. Nikanyoosha mkono kabatini, nikawapa. Akili haikuwepo. Na kwa desturi yetu, vyombo vya kuoshea maiti huondoka na muosha.

Majuzi kaja kaka yake, Hilal, kufuata bakuli la kwao. Nikamwambia lilipokwenda.

“Shemeji! Wareno na mizinga yote walilikosa, wewe umelitoa kwa mkono wako! Ungekuwepo enzi zile, mlango ungewafungulia mwenyewe, na kahawa ukawapa.”

Tukaenda Mwananyamala kwa Bi Afrah, yule muosha. Akalitoa chini ya kitanda, kalivingirisha kwenye kanga.

“Mngesema mapema,” alisema. “Mie ningefanyia nini kitu cha watu? Chukueni.”

Hilal akalipokea, akakaa nalo mapajani. Hasira zikamwisha. Akalipapasa pale lilipomeguka.

“Nitampa binti yangu,” akasema. “Sasa nitajie jina, shemeji, nimfikishie. Dada hakumwachia mwingine.”

Nikafungua mdomo. Halikuja.

“Ngoja,” nikasema.

Akangoja. Bi Afrah naye akangoja, kashika kanga yake mkononi. Chai ikaletwa, ikapoa.

Hilal kaondoka na bakuli. Kila siku ananipigia simu: “Limekuja?” Namwambia bado. Nikifumba macho namwona Wahiba, midomo yake inalitaja. Sauti siisikii.