Boti ya Watu Watano

Nilinunua boti mwaka wa pili baada ya kumzika mke wangu, na katika Boito nzima sikupata hata mtu mmoja wa kunielewa. Ningenunua ng'ombe, wangeelewa. Hata pikipiki wangeelewa, ingawa kwa umri wangu wangesema natafuta kifo. Lakini boti? Huku kwetu ni chai juu, chai chini, na maji tunayoyajua ni ya mvua. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo ambaye huja kunichumia majani, aliniuliza kama Mungu amenidokezea habari za gharika, na kama tutaingia wawili wawili ama nitachagua. Nikamwambia yeye atabaki nje pamoja na huo mdomo wake. Tukacheka sana. Halafu akabeba kikapu chake, akaenda nyumbani kwa watu wake.

Sababu yenyewe sikumwambia. Chini ya shamba langu kuna bwawa. Mimi na mke wangu tulikizuia kijito pale tukiwa bado na nguvu, ili ng'ombe wapate pa kunywa, na maji yakapanuka mwaka hadi mwaka mpaka yakafika upana wa uwanja wa mpira. Siku tatu baada ya mazishi, mjukuu wangu aliteremka nami mpaka hapo. Ni binti wa kijana wangu anayefanya kazi Nairobi, na wakati huo alikuwa na miaka saba. Alisimama akatazama maji, akasema, "Kugo, mbona huna boti?" Kugo ni babu kwa Kipsigis, na sidhani ana neno lingine la Kipsigis zaidi ya hilo. Nikamuuliza, "Nikinunua, utakuja?" Akasema, "Nitakuja kila likizo."

Mtoto husema tu. Najua. Lakini kesho yake waliingia kwenye gari wakaenda, nami nikarudi ndani ya nyumba nikasikia saa ya ukutani ikitembea. Kwa miaka yote niliyokaa humo sikuwa nimewahi kuisikia. Basi nikalishika neno la mtoto.

Utaniuliza, kwani hukuweza kumwambia kijana wako tu kwamba nyumba imekushinda, waje? Sikuweza. Wazee wa kwetu hatukufundishwa maneno hayo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akinipigia simu. "Baba, uko sawa?" Nami namjibu, "Niko sawa kabisa." Halafu nampa habari za ng'ombe dakika kumi, nani amezaa, nani ana kikohozi, mpaka yeye mwenyewe anatafuta njia ya kutoka. Sikumwambia kwamba nakula ugali nikiwa nimesimama jikoni kwa sababu sitaki kuiona ile meza.

Habari za boti alinipasha mzee mwenzangu niliyefanya naye kazi kiwanda cha chai. Klabu ya shamba moja kubwa la chai, upande wa Kericho, walikuwa wameacha mambo ya kucheza kwenye maji na walitaka kuondoa boti mbili. Nikaenda. Aliyenipokea ni mlinzi, mzee aliyetoka upande wa magharibi akiwa kijana kuja kutafuta kazi ya chai, na hakurudi kwao tena. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzitunza hizo boti.

Ya kwanza ilikuwa mpya mpya hivi, miaka minne tu. Ya faiba, ile kama plastiki ngumu, rangi ya njano, imewekwa kwenye banda, kavu, inang'aa. Mlinzi aliinyanyua upande mmoja kwa mkono mmoja akaishusha. "Hii hata ukiisahau mwaka mzima, itakungoja," akasema. Ilikuwa ya watu wawili.

Ya pili ilikuwa ya mbao, kongwe kuliko kijana wangu, rangi ya kijani imebambuka, na ilikuwa imelala kando ya bwawa lao ikiwa imejaa maji karibu nusu. Nilishtuka. Mali ya watu inaachwa hivyo? Nikamuuliza kwa ukali nani ameiharibu. Mzee akacheka.

"Nimeijaza mwenyewe," akasema. "Hii lazima inywe maji. Ikikaa kavu inakasirika. Mtakuwa watu wangapi?"

"Watano," nikasema haraka.

"Kama ni watano kweli, chukua hii. Lakini kama ni wewe peke yako, mzee, nakushauri kama ndugu, beba ile ya njano. Hii kubwa haipendi mtu mmoja."

Nilikaa kwenye nyasi karibu saa nzima. Watu wangenipita wangedhani naumwa. Ile ya njano ilikuwa na kila sababu ya kununuliwa: nyepesi, ningeweza kuivuta mwenyewe, haikuhitaji rangi wala fundi. Lakini kila nikiitazama naona mimi na mjukuu wangu ndani, na wengine wamesimama ukingoni wakitazama saa. Na siku asipokuja mjukuu, naona mimi. Mtu akinunua boti ya watu wawili katika hali yangu, amekubali kuachwa. Nikahesabu kwa vidole: kijana wangu, mke wake, yule msichana, mdogo wake wa kiume, na mimi. Watano. Ile kongwe ilikuwa na mabenchi matatu. Nikasimama nikamwambia mlinzi anitafutie pikapu.

Sasa nikueleze ujinga wangu, na nitaueleza wote. Miaka thelathini nilifanya kazi kwenye draya ya kiwanda cha chai, ile mashine ya kukaushia majani. Miaka thelathini adui yangu alikuwa mmoja tu, unyevu. Chai ikitoka mbichi kidogo, inavunda kwenye gunia na meneja anakuita ofisini. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Mahindi lazima yakauke. Kuni lazima zikauke. Kwetu kitu kilichotunzwa ni kitu kikavu, na ukimwambia mtu wa hapa vinginevyo atakupima joto. Ati inywe maji! Mtu wa kulinda geti anifundishe mimi habari za unyevu?

Basi nikaimwaga maji yote, nikaipindua juu ya mawe kwenye stoo ya mahindi, chini ya mabati. Jua likiwaka nafungua milango pande zote mbili. Ikinyesha nawasha jiko la makaa ndani. Nikaikwangua, nikaipaka rangi ya samawati. Kuanzia Oktoba hadi Krismasi nilikuwa na kazi, na naomba niseme ukweli, hizo ndizo wiki pekee nilizokuwa na raha tangu mke wangu aondoke. Nilikuwa naamka nikijua naenda kwa nani. Nilikuwa naongea nayo. Nilimwambia mke wangu pia, nikiwa na brashi mkononi, kwamba watoto watakuja. Kufika Desemba boti ilikuwa imekauka vizuri, ukiigonga inalia ko, ko, ko, nami nikajisifu kwamba mkono wangu haujasahau kazi.

Nyufa ndogo ndogo nilikuwa nimeziona kati ya mbao. Nikasema ni rangi.

Walikuja siku iliyofuata Krismasi, saa sita mchana. Wueh, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilikuwa nimechinja kuku wawili, na mursik, maziwa yetu ya mgando, nilikuwa nimeyaweka mapema kwenye kibuyu. Tukiwa bado tunakula, kijana wangu akanieleza kwamba watalala siku moja tu, kwa sababu kesho wana hoteli wameshaweka nafasi huko Naivasha. Nikasema hakuna neno. Nilijiambia, ngoja waione boti.

Wanaume wanne wa kanisani walinisaidia kuibeba mpaka bwawani. Jirani yangu mwenye mdomo alikuja pia, na mara hii alipiga makofi tu. Mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka tisa, alivaa jaketi ya kuelea ya rangi ya machungwa niliyoiagiza Bomet, akakaa benchi la mbele, mgongo wima. Nami nikaingia na makasia. Tukasukumwa.

Maji hayakuingia kwa tundu moja. Ningejua la kufanya. Yaliingia kila mahali, polepole, bila kelele, kwa kila mshono, ubao kwa ubao. Kwanza nilidhani ni matone ya kasia. Halafu viatu vya mtoto vikalowa. Tulikuwa hatujafika hata hatua kumi. Kijana wangu aliingia majini na suruali yake, akamnyanyua msichana, akamrudisha kwa mama yake. Mimi nilibaki nimekaa, na boti ikashuka nami mpaka ikagusa tope, maji yakanifika kiunoni.

Wengine walicheka, na haki yao, hata mimi ningecheka. Kijana wangu hakucheka. Alinipa mkono nitoke, akaniambia kwa upole, "Baba, usijali. Wamekuuzia takataka. Na huko tunakoenda boti ziko."

Upole huo ndio ulioniuma. Nikamwambia, mbele ya watu wa kanisa, "Basi nendeni huko kwa boti zenu. Nani amewaita hapa?"

Nani amewaita! Mimi niliyekuwa nimewaita miezi mitatu kwa brashi na msasa! Msichana alikuja akanishika mkono wenye tope, akasema, "Kugo, si mbaya," kama mtu mzima anavyomwambia mtoto aliyemwaga uji. Asubuhi yake saa tatu waliondoka. Kijana wangu alisimama kidogo kando ya gari, nami nikamweleza habari za ng'ombe.

Boti niliiacha pale pale imezama. Sikutaka kuiona. Siku ya nne nilichukua shoka, kwa maana nilisema angalau itakuwa kuni, nikateremka. Nikachota maji kwa debe ili niweze kuivuta ukingoni. Nikachota, nikachota, boti ikanyanyuka ikaelea. Nikangoja maji yarudi. Nikakaa kwenye majani na shoka langu, nikangoja mpaka ng'ombe wakaja kunywa na kuondoka. Maji hayakurudi. Nikaingia nikapitisha vidole kwenye mishono yote. Mbao zilikuwa zimekunywa, zimevimba, zimefungana, hata wembe haungepita.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu alikuwa mzee wa geti. Laiti ningeiacha ndani ya bwawa tangu Oktoba, bila jiko, bila bidii yoyote, mtoto angezunguka bwawa lote siku ile. Laiti ningechukua ya njano, vilevile angezunguka. Niliiua kwa kuitunza. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikuja kwanza, akaondoka, ndipo majuto yakafika. Nililia hapo, mzee mzima, na ng'ombe wawili waliobaki nyuma wakinitazama.

Tangu siku hiyo naitoa mara kwa mara. Mwanzoni haikukubali. Nikikaa nyuma, mdomo wake unapanda juu hewani na upepo unaizungusha. Nikikaa katikati, naenda upande upande. Mlinzi alikuwa amesema haipendi mtu mmoja, nami nilidhani ni maneno ya wazee. Nikachukua magunia ya mbolea, nikajaza mawe, nikayapanga: mawili benchi la mbele, nikajaribu, moja katikati, nikajaribu, la mwisho nikaliweka kando yangu. Ikatulia. Ikaenda sawa kabisa, bila kuyumba. Nilikuwa katikati ya bwawa ndipo nikayahesabu yale magunia.

Jumapili moja mwezi wa pili nilikuwa huko majini baada ya kanisa, suti sijavua, simu ikalia. Kijana wangu. "Baba, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kabisa, na kwamba ndama mweusi ameanza kula majani. Akasema vizuri. Halafu nikasikia msichana akimnyang'anya simu.

"Kugo! Boti ilipona?"

"Ilipona, mama. Niko ndani yake sasa hivi."

"Haki? Uko na nani?"

Nilitaka kumwambia niko na watu. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Nikayatazama magunia yangu manne, yamekaa kwenye mabenchi, yamelowa.

"Niko peke yangu," nikasema. "Niko peke yangu kila siku, mama. Nenda umwambie baba yako. Mwambie Kugo anadanganya, hayuko sawa."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, halafu miguu yake ikikimbia ndani ya nyumba yao, na sauti yake ikimwita baba yake, kwa nguvu, kama mtu aliyeona moto.